Meli za Vita Zilizochelewa Ziwani Tanganyika

Watu wengi hudhani ya kuwa ushindi wa vita hutokana na ushujaa wa askari tu. Mimi nakaa hapa Bujumbura, karibu na ziwa, nami nimeona yafaa niwaeleze wanafunzi wenzangu, na kaka zetu waliokwisha kumaliza masomo, jinsi mambo yalivyokuwa ziwani kwetu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Vita vilipoanza mwaka 1914, mji wetu uliitwa Usumbura, nao ulikuwa chini ya Wajerumani. Ng'ambo ya pili, upande wa Kongo, walikuwako Wabelgiji. Mwezi wa Agosti mwaka huo Wajerumani waliiharibu meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, wakawa mabwana wa ziwa zima. Je, Wabelgiji hawakuwa na meli nyingine? Walikuwa nayo! Meli kubwa, Baron Dhanis, ilikuwa vipande vipande katika Kongo, ikingoja kuungwa. Lakini walichelea kuiunga, maana adui angeivunja kabla haijagusa maji. Basi chombo kilichokwisha nunuliwa si silaha bado.

Wajerumani nao walingoja. Meli yao kubwa, Graf von Götzen, iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa tena, ikatiwa katika masanduku 5,000 hivi. Masanduku hayo yalikuja kwa meli mpaka Dar es Salaam, kisha kwa gari moshi mpaka Kigoma. Mafundi watatu kutoka Papenburg walikuja kuiunga upya, wakisaidiwa na wafanya kazi wengi. Ilishushwa majini Februari 1915, ikaanza kazi mwezi wa Juni.

Sasa tuwatazame Waingereza. Mwezi wa Aprili 1915 mwindaji mmoja, John Lee, alipeleka shauri London kwamba mashua ndogo zenye mbio ziletwe ziwani kupitia Kusini. Mashua mbili, Mimi na Toutou, ziliondoka Uingereza mwezi wa Juni. Kutoka Cape Town zilipanda gari moshi mpaka Fungurume, katika Katanga. Huko reli iliwaachia milima ya Mitumba. Ilibidi kukata barabara na kujenga madaraja mengi, na mashua zikakokotwa na mitambo ya mvuke na ng'ombe. Maji ya mitambo yalipopungua, wanawake wa vijijini waliyachukua vichwani. Baadaye zikashuka mto Lualaba, zikapanda reli tena, zikaingia ziwani Desemba. Tangu shauri mpaka maji ni miezi minane.

Tarehe 26 Desemba 1915 mashua hizo ziliiteka Kingani ya Wajerumani, na tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Graf von Götzen, iliyogharimu taabu nyingi hivi, iliondolewa mzinga wake mkubwa, kwa kuwa jeshi la nchi kavu liliuhitaji. Juni 1916 Wabelgiji waliingia Usumbura. Julai Wajerumani wenyewe waliizamisha meli yao, wakiwa wameipaka mitambo mafuta isishike kutu.

Mambo matatu ndiyo yaliyochelewesha: umbali wa njia, kazi ya kuunga, na hofu ya adui. Mwenye kuagiza chombo hana budi kuhesabu yote matatu, wala asihesabu bei peke yake. Tena tukumbuke kuwa mzigo huo wote ulibebwa na watu wa nchi hizi, ambao majina yao hayakuandikwa pamoja na ya makapteni.

Waingereza waliiinua meli ile mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaitwa Liemba. Mei 2015 iliwachukua wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga mpaka Kigoma. Ilinunuliwa kwa utawala, ikavishwa mzinga kwa vita. Baada ya miaka mia ikawaokoa watu wetu. Kwa kazi hiyo, haikuchelewa.