Taa ya Kushukia: Kufunga LED Kwenye Pikapu Bila Kuua Betri

Wanaokwenda field Manyara huulizana mambo mengi kabla ya safari: mtandao upo, maji yapo, posho itatosha? Taa ya gari haimo kwenye orodha. Lakini ukipangiwa Yaeda Chini, kule bondeni chini ya nyanda za juu za Mbulu, taa ndogo ya mlangoni ni jambo la kuzungumzwa.

Sababu ya kwanza ni giza lenyewe. Sisi tuko karibu na Ikweta, jua likizama halina mbwembwe. Saa moja kasoro bado unaona njia. Saa moja na robo huoni hata kidole chako. Bondeni hakuna taa za barabarani, na mvua zikinyesha ardhi ya chini inageuka tope, safari ya mchana inamalizikia usiku. Gari linasimama, mtu anashuka. Anakanyaga nini? Inaweza kuwa tope, mwiba wa mgunga, jiwe, au nge. Nyuma ya pikapu pametengenezwa kwa mizigo, lakini sote tunajua nani hupanda huko: mama mwenye mtoto mgongoni, mzee anayerudi mnadani, mgonjwa anayepelekwa Haydom. Hao ndio wanaoshuka bila kuona.

Sababu ya pili ni kinyume cha ya kwanza: taa iliyofungwa vibaya ni hatari kuliko giza. Ikinyonya betri usiku kucha, asubuhi gari haliwaki. Mjini utamwita jirani mchange waya wa kuboosti. Bondeni gari lenu linaweza kuwa ndilo pekee karibu, na kama usiku huo kuna mtu wa kukimbizwa hospitali, taa yako ya urembo imegharimu kitu ambacho hakina spea. Kwa hiyo tuanze na hesabu, waya baadaye.

Kwa nini LED

LED ni diodi inayotoa mwanga. Umeme unapita upande mmoja tu. Ukigeuza chanya na hasi haiwaki. Nyekundu zilikuwepo tangu miaka ya 1960, ila mwanga mweupe ulisubiri LED ya bluu yenye nguvu, kazi iliyowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. LED nyeupe tunayonunua dukani kwa kawaida ni ya bluu iliyopakwa fosfori ya njano. Ndiyo maana ikizimwa unaona kidoa cha njano juu yake.

Faida yake ni ulaji mdogo. Chukua mkanda wa LED wa kawaida, ule wa taa ndogo 60 kwa mita, unaokula takriban wati 4.8 kwa mita. Weka sentimita 30 chini ya kila mlango na mita moja nyuma kwenye bodi. Jumla mita 1.6, karibu wati 8. Gawanya kwa volti 12: ampea 0.64. Mtu akisahau mlango wazi saa 12, umepoteza ampea-saa 7.7. Kwa betri nzima ya 70, hiyo ni kama asilimia 11, na gari litawaka.

Sasa chukua mkanda mnene, ule wa wati 14.4 kwa mita. Urefu uleule utakula karibu ampea-saa 23, theluthi ya betri. Betri ikiwa imechoka, na magari ya field mengi betri zake zimechoka, asubuhi mnasukuma. Na ile taa ya kazi ya balbu ya wati 55? Hiyo peke yake inakula 55 kwa usiku mmoja. Mkanda mwembamba unatosha. Hapa tunatafuta kuona pa kukanyaga, si kucheza mpira.

Siri ya swichi ya mlango

Hapa ndipo wengi wanaunguza fyuzi. Tunadhani swichi ya mlango inakata chanya, kama swichi ya taa ya chumbani. Kwenye pikapu nyingi za Kijapani, hasa za zamani, ni kinyume. Taa ya ndani ina chanya muda wote. Mlango ukifunguka, swichi inaunganisha hasi na bodi ya gari. Ukipeleka waya wa chanya moja kwa moja kwenye swichi hiyo, umetengeneza shoti.

Pima kwanza kwa mita. Mlango ukiwa wazi na taa ya ndani inawaka, waya wa swichi utasoma volti 0. Mlango ukifungwa, utasoma kama 12. Ukipata hivyo, swichi yako inakata hasi. Basi chanya ya LED inatoka kwenye umeme wa kudumu kupitia fyuzi, na hasi ya LED inakwenda kwenye waya wa swichi. Kwisha. Mlango ukifunguka zinawaka, ukifungwa zinazima. Magari mapya ambayo milango yake inasimamiwa na kompyuta usiyaguse hivi. Hayo tumia relei, au mwachie fundi umeme.

Taa ya nyuma iwe na swichi yake kwenye mlango wa bodi, iwake tu mlango huo ukifunguliwa. Ile ya sumaku ni nzuri kwa sababu haina tundu la kuingia vumbi. Usiiache iwake gari likitembea: mwanga mweupe unaotazama nyuma humdanganya dereva anayekufuata adhani unapiga rivasi.

Ongeza pia swichi moja ndogo ndani ya kuzima zote. Mkilala field na milango inafunguliwa kila dakika, utaihitaji.

Volti 12 si volti 12

Injini ikiwa inanguruma, altaneta inasukuma mpaka volti 14.4. Mkanda wa bei rahisi umepangwa LED tatu kwa mstari na kizuizi kimoja. Kila LED inachukua kama volti 3, jumla 9. Kwa kizuizi cha omu 150, kwenye volti 12 zinapita milliampea 20. Kwenye 14.4 zinapita 36, karibu mara mbili. Ndiyo maana mkanda unaanza kupepesa kabla ya mwaka.

Ukitengeneza mwenyewe, fanya hesabu kwa volti kubwa: 14.4 toa 9 ni 5.4, gawanya kwa 0.02 unapata omu 270. Injini ikizimwa, betri ikiwa 12.6, bado utapata milliampea 13, na mwanga unatosha. Huu ni ule mtihani wa Ohm wa kidato cha tatu, leo umekuja na tope kwenye buti.

Kazi yenyewe

Chomoa hasi ya betri kwanza. Fyuzi iwe ya ampea 2, na ikae karibu kabisa na pale unapochukua umeme, si mwisho wa waya. Kazi yake ni kulinda waya. Waya ukichubuka kabla ya fyuzi, kinachoungua ni gari. Waya wa milimita mraba 0.75 unatosha. Kila unapopita kwenye tundu la bati weka raba, maana barabara ya Yaeda Chini itausugua waya mpaka ufike shabani. Ungio liwe la solda na lifunikwe; tepu peke yake kwa joto na vumbi lile huachia. Mkanda ununue uliofunikwa silikoni, ufungwe pia kwa vibanio vya plastiki, kwa sababu gundi yake haistahimili.

Rangi chagua nyeupe ya joto, ile ya kuelekea njano. Yenye ubluu mwingi huita wadudu zaidi, na mlango uliojaa wadudu hakuna anayetaka kuufungua. Elekeza mwanga chini, kwenye ngazi na ardhi, si usoni pa watu. Bondeni kuna kaya za Wahadzabe, Wadatoga na Wairaqw ambazo usiku wao ni wa moto na nyota. Gari la wageni halina haja ya kuwamulika.

Ukimaliza, acha mlango wazi usiku mmoja ukiwa bado mjini. Asubuhi piga stata. Likiwaka bila kusita, unaweza kwenda bondeni.