Begi Lililoachwa Mlangoni

Kwenye maduka makubwa ya Dar es Salaam na Nairobi ni jambo la kawaida mteja kukatazwa kuingia na begi. Unamkabidhi mlinzi aliyekaa nje, naye analisukumia kwenye rafu ya mbao, anakupa kibati chenye namba, unaingia. Ukitoka ukakuta begi halipo, utaonyeshwa maandishi ukutani: “Uongozi hautahusika na upotevu wa mali yoyote.” Wengi hukata tamaa hapo hapo na kurudi nyumbani wakijilaumu. Wanakata tamaa mapema mno.

Kabla ya kusoma ubao, sheria huuliza mali ilikuwa mikononi mwa nani. Tanzania ina jibu lililoandikwa. Sheria ya Mikataba ya 1961, yenye mizizi katika Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, ina sehemu nzima kuhusu mali iliyokabidhiwa kwa mtu ili airudishe baadaye. Makabidhiano hukamilika kwa tendo lolote linaloiweka mali mikononi mwa mpokeaji, au mikononi mwa mtu aliyeruhusiwa kuishika kwa niaba yake. Kwa hiyo hata kama mlinzi analipwa na kampuni ya ulinzi, duka ndilo lililomweka pale apokee mizigo. Kuanzia dakika hiyo, mali inapaswa kutunzwa kama ambavyo mtu mwenye busara ya kawaida angetunza mali yake mwenyewe ya ukubwa, ubora na thamani ileile. Neno hilo la thamani ni zito: ukiwa na kompyuta ndani ya begi, mwambie mlinzi. Ama ataikubali akijua anachokishika, ama atakuruhusu uingie nayo.

Kenya iliiacha sheria hiyo ya India mwaka 1961 ikashika kanuni zilizojengwa na mahakama za Uingereza, na huko kuna kesi inayofanana sana na begi letu. Mteja aliingia mgahawani, mhudumu akamvua koti bila kuombwa na kulitundika kwenye ndoano nyuma yake. Koti likaibwa. Mwaka 1894 mahakama iliamua kwamba mwenye mgahawa ndiye wa kulipa, kwa kuwa mhudumu ndiye aliyelichukua na kuchagua pa kuliweka. Duka linalokuamuru uache begi limefanya zaidi ya hapo, maana halikukupa hata nafasi ya kukataa.

Meneja atasema huduma ilikuwa ya bure. Hoja hiyo ilishindwa London tangu 1703, katika kesi ya Coggs na Bernard: aliyejitolea kuhamisha mapipa ya brandi bila malipo alibanwa na uzembe wake brandi ilipomwagika. Fikihi inayofundishwa pwani nayo haimwachi huru mpokea amana aliyezembea, ingawa halipwi.

Penye ugumu wa kweli ni pale duka linapoagiza kofia za pikipiki na miavuli viachwe nje, na nje hakuna mtu. Mwaka 1951 huko Uingereza, mteja wa baa aliyeegesha pikipiki uani bila kumkabidhi yeyote alishindwa kesi ilipoibwa. Duka litaishikilia hukumu hiyo. Lakini yule wa baa aliegesha kwa hiari yake. Mteja wetu ametii amri ya duka. Kwangu mimi, anayenilazimisha kuiacha mali yangu mahali pa hatari ameibeba hatari hiyo pamoja nami, na wakili mzuri ataijenga hoja hiyo juu ya uzembe badala ya amana.

Na ule ubao? Una uzito ukionekana kabla ya kukabidhi. Mwaka 1949 hoteli moja ya London ilishindwa kujikinga kwa tangazo lililobandikwa chumbani, kwa sababu mgeni alilikuta baada ya mkataba kufungwa mapokezini. Hata ukiwa mlangoni, mahakama husoma maneno ya kujivua wajibu kwa ukali dhidi ya aliyeyaandika, hasa yasipotaja uzembe waziwazi.

Basi usikirudishe kibati. Kipige picha, omba tukio liandikwe kwenye daftari la walinzi, omba picha za kamera zitunzwe kabla hazijafutwa, kisha nenda polisi. Ukishathibitisha kwamba ulikabidhi begi na halikurudi, mzigo wa kueleza lilivyopotea, na kwamba halikupotea kwa uzembe, unahamia kwa duka.