Kuharisha kwa abiria kwatikisa mahesabu ya meli za watalii

KAMPUNI za meli za watalii duniani zimekuwa zikivuna abiria wengi mwaka hadi mwaka, lakini kuna abiria mmoja asiyekata tiketi ambaye zimeshindwa kumtelemsha. Huyo ni ugonjwa wa kutapika na kuharisha unaoletwa na virusi vya tumbo. Hasara yake haiishii ndani ya meli, bali hufika bandarini, mahotelini na hata kwenye vibanda vya wauza vinyago.

Wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi walionjeshwa hasara hiyo Februari 2024. Meli Norwegian Dawn, iliyoondoka Cape Town Februari 13, ilikataliwa kufunga gati Port Louis, Mauritius, baada ya watu wasiopungua 15 kutengwa vyumbani kwa ugonjwa wa tumbo. Ilikuwa na abiria 2,184 na mabaharia 1,026, na tayari ilikuwa imekosa kituo cha kisiwa cha Reunion kwa sababu hizo hizo.

Serikali ya Mauritius ilihofia kipindupindu. Hofu hiyo haikuwa ya bure, kwani msimu huo ugonjwa huo ulikuwa ukiua watu katika nchi za kusini mwa Afrika zikiwemo Zambia, Zimbabwe na Msumbiji. Sampuli zilichukuliwa, vipimo havikuonyesha kipindupindu, na meli ikaruhusiwa kuingia.

Hata hivyo, biashara ilikuwa imekwisha kuvurugika. Abiria wapatao 2,000 walitakiwa kumaliza safari yao Port Louis, na wengine 2,279 walikuwa wakisubiri kupanda kuanza safari mpya. Kila siku moja ya kusubiri nje ya bandari kwa idadi kama hiyo ni tiketi za ndege zilizopitwa, vyumba vya hoteli vya kulipia upya, na madereva wa teksi waliokesha bila abiria.

Soko lenyewe halijayumba. Mwaka 2023 abiria milioni 31.7 walisafiri kwa meli za watalii duniani, na mwaka 2024 idadi ikapanda hadi milioni 34.6. Meli nazo zinazidi kuwa kubwa. Icon of the Seas, iliyoanza kazi Januari 2024, inaweza kubeba abiria wapatao 7,600 na wafanyakazi 2,350, yaani mji mdogo mzima unaokula jiko moja.

Kwa upande wa magonjwa, Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani (CDC) kilitangaza milipuko 14 ya ugonjwa wa tumbo katika meli zilizo chini ya uangalizi wake mwaka 2023, na 18 mwaka 2024. Mingi ya milipuko hiyo ilitokana na virusi viitwavyo norovirusi.

Kwa haki ya kampuni za meli, ni lazima isemwe kuwa ugonjwa huu si wao peke yao. CDC yenyewe inakadiria kuwa meli huchangia asilimia moja tu ya milipuko yote ya norovirusi inayoripotiwa Marekani. Sehemu kubwa hutokea katika nyumba za kutunzia wazee, shuleni na migahawani. Tofauti ni kwamba mgahawa haulazimiki kutoa taarifa kila mtu akiugua tumbo, ilhali meli inalazimika. Meli inayobeba abiria 13 au zaidi na kuelekea bandari ya Marekani kutoka nchi ya nje hutoa hesabu ya wagonjwa wake kabla ya kufika, na wakifikia asilimia tatu ya abiria au ya wafanyakazi, jina la meli huanikwa hadharani. Jina likishaanikwa, mwenye duka la tiketi ndiye anayejibu maswali ya wateja.

Norovirusi si wageni. Jina lao linatokana na mji wa Norwalk, Ohio, ambako mwaka 1968 wanafunzi wa shule ya msingi waliugua kwa wingi. Mwaka 1972 watafiti wa Marekani waliviona kwa mara ya kwanza kwa darubini ya elektroni.

Mtu huanza kuugua saa 12 hadi 48 baada ya kuambukizwa. Hutapika na kuharisha kwa siku moja hadi tatu, kisha wengi hupona. Wanaopata taabu zaidi ni wazee na watoto wadogo, ambao maji huwaishia mwilini haraka; na miongoni mwa wateja wa meli hizi wamo wazee wengi. Chembe zisizofika 100 zinatosha kumlaza mtu mzima, na aliyepona huendelea kutoa virusi chooni kwa wiki mbili au zaidi. Hakuna chanjo iliyoidhinishwa, na dawa za kuua bakteria hazisaidii kitu.

Uchafu wa saa chache

Kiini cha tatizo kwa upande wa biashara ni siku ya kubadilisha abiria. Meli hufunga gati alfajiri, hutelemsha watu 3,000 asubuhi, na alasiri hiyo hiyo hupakia wengine 3,000. Katikati yake zipo saa chache tu za kusafisha vyumba, vyoo, lifti, reli za ngazi na meza. Meli isiyotembea haiingizi kitu, kwa hiyo hakuna mwenye kampuni anayetaka kuongeza hata saa mbili katika muda huo.

Matokeo yake yalionekana mwaka 2002 katika meli Amsterdam ya kampuni ya Holland America. Abiria wa safari nne zilizofuatana waliugua, kila kundi likirithi virusi vya kundi lililotangulia. Mwishowe meli ilitolewa kazini kwa siku 10 hivi ili isafishwe kikamilifu. Kilichokwepwa kwa saa kililipwa kwa siku, tena katika mwaka ambao CDC ilipokea taarifa za milipuko 21 kutoka meli 17.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 nao haukuwapendeza wenye meli. Watafiti walipanda meli 56 katika kipindi cha miaka mitatu na kupaka alama isiyoonekana kwa macho kwenye vifaa vya vyoo vya umma: viti, vishikio, bomba, vitasa vya milango. Kisha wakarudi kuangalia kama alama zimefutika. Ni asilimia 37 tu ya vifaa hivyo vilivyokuwa vikisafishwa kila siku. Sakafu ya kung'aa si kipimo cha usafi. Kitasa cha mlango ndicho kipimo.

Bei ya uzembe

Januari 2014, Explorer of the Seas ya kampuni ya Royal Caribbean ilirejea New Jersey siku mbili kabla ya ratiba baada ya abiria zaidi ya 600 kuugua. Kampuni iliwarejeshea abiria nusu ya nauli na kuwapa punguzo la nusu nyingine kwa safari ya baadaye. Mwaka 2019, mwezi huo huo wa Januari, Oasis of the Seas ya kampuni hiyo ilirudi Florida siku moja mapema ikiwa na wagonjwa zaidi ya 500. Safari hii abiria walirejeshewa nauli yote.

Katika safari hiyo ya Oasis, abiria walizuiwa kushuka katika bandari ya Falmouth, Jamaica. Kampuni ya meli ina bima na ina mfuko. Mchuuzi wa Falmouth aliyeweka akiba yake kwenye kofia na shanga akisubiri meli hiyo hana mtu wa kumrejeshea chochote.

Mwaka 2003 mambo yalivuka hata mipaka ya biashara. Meli ya Uingereza iitwayo Aurora ilikuwa na wagonjwa mamia. Ugiriki ilikataa abiria wake kushuka Piraeus. Ilipofika Gibraltar mwanzoni mwa Novemba, Hispania ilifunga mpaka wake na Gibraltar, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu mpaka huo ulipofunguliwa kikamilifu mwaka 1985. Serikali ya Uingereza ililalamika. Yote hayo kwa ugonjwa wa tumbo wa siku tatu!

Kuficha ugonjwa

Lipo jambo ambalo halisemwi sana na kampuni wala na abiria, nalo ni kuficha. Abiria aliyelipa akiba ya miaka miwili anajua kwamba akimwambia daktari wa meli kuwa ameharisha, atafungiwa chumbani. Kwa hiyo hunyamaza, humeza vidonge vya kufunga choo, na jioni yumo kwenye foleni ya chakula akishika kijiko kile kile watakachoshika watu 500 baada yake.

Mfanyakazi wa jikoni naye ana sababu zake. Kanuni za CDC zinamtaka anayegusa chakula akae pembeni mpaka atimize saa 48 bila dalili yoyote, na wa idara nyingine saa 24. Kanuni ni nzuri, lakini palipo na mshahara mdogo unaotegemea bakshishi, kulala chumbani siku tatu ni njaa kwa familia iliyoachwa nyumbani. Kampuni inayomlipa mgonjwa wake siku hizo inanunua kinga ya bei nafuu kuliko ndoo zote za dawa.

Mambo ya kuzingatia kwa msafiri

Kwanza ni sabuni. Abiria wengi hudhani kuwa ile dawa ya alkoholi inayonyunyizwa mikononi kwenye mlango wa chumba cha kulia chakula inatosha. Haitoshi. Alkoholi hufanya kazi nzuri kwa vijidudu vingine, lakini norovirusi havina lile ganda la mafuta ambalo alkoholi huliyeyusha. Dawa ya namna moja tu ndiyo ya uhakika kwa mikono: maji yanayotiririka na sabuni, kusugua kwa sekunde 20 hivi, hadi katikati ya vidole na chini ya kucha, kisha kukausha. Afanye hivyo kila atokapo chooni na kila kabla ya kula, pamoja na baada ya kushika reli za ngazi, vitufe vya lifti na mashine za kamari.

Pili, inapowezekana atumie choo cha chumbani mwake badala ya vyoo vya umma. Akilazimika kutumia cha umma, afungue mlango wa kutokea kwa karatasi.

Kuhusu chakula, meza ya kujipakulia ndiyo yenye hatari zaidi, si kwa sababu ya chakula bali kwa sababu ya vijiko vya kupakulia. Meli nyingi siku za mwanzo wa safari huweka wahudumu wa kuwapakulia abiria. Abiria wenye haraka huliona hilo kama usumbufu, kumbe ni kwa faida yao. Chaza na kombe wasioiva vizuri waepukwe, maana norovirusi huvumilia joto la hadi nyuzi 63 za Selsiasi, na mvuke wa dakika moja hauviui.

Mtu akitapika karibu, usisimame kushangaa. Matone hupaa hewani na kutua kwenye meza na nguo. Ondoka, na mwite mhudumu ili pasafishwe kwa dawa ya klorini ya kutosha; maji ya sabuni ya kudeki hayatoshi hapo.

Aliyeugua atoe taarifa mapema, abaki chumbani na anywe maji yenye chumvi na sukari za kurudisha nguvu, yale ya pakiti yanayouzwa katika kila duka la dawa. Pakiti tano ndani ya begi hazina uzito. Bima ya safari nayo isomwe kabla ya kulipiwa, kwani zipo zinazolipa matibabu lakini hazilipi siku zilizopotea chumbani.

Kwa anayenunua tiketi ya meli inayopita Marekani, upo msaada wa bure. Mpango wa CDC wa ukaguzi wa usafi wa meli, ulioanza katika miaka ya 1970, huzipa meli alama kati ya 100. Meli iliyopata 85 au chini ya hapo imefeli, na alama hizo hutangazwa kwa kila mtu kuzisoma. Mawakala wa Dar es Salaam na Nairobi wanaouza safari hizo wangefanya vyema kuzibandika ukutani karibu na bei.

Kwa bandari za pwani yetu, Mombasa na Zanzibar hutembelewa zaidi na meli hizi katika miezi ambayo Ulaya iko kwenye baridi. Abiria hushuka kwa saa chache, huzunguka Fort Jesus au Mji Mkongwe, hununua kanga na karafuu, hunywa juisi ya miwa yenye barafu na kurudi melini. Virusi hupita njia zote mbili. Muuza juisi mwenye ndoo ya maji safi ya bomba na sabuni analinda meli, na kwa kufanya hivyo analinda wateja wake wa wiki ijayo.

Kisheria, kila meli ya kimataifa inapaswa kuwa na cheti cha usafi kinachodumu miezi sita chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005. Nahodha pia anaweza kutakiwa kujaza tamko la afya akieleza kama wapo wagonjwa melini na ni wangapi. Wakati wa kusubiri ukaguzi meli hupandisha bendera ya njano. Wengi pwani huiona wakadhani ni ishara ya maradhi, lakini siku hizi maana yake ni kinyume: nahodha anasema meli yake ina afya na anaomba ruhusa ya kuingia. Afisa wa afya wa bandari akiridhika na karatasi hizo, ndipo ngazi inaposhushwa na wenye mabasi wanapopata abiria.