Dala Imebaki Jina

Kila asubuhi mkazi wa Dar es Salaam hutaja bei ya mwaka 1983 bila kujua. Mwaka huo mabasi ya shirika la umma la UDA yalikuwa yamezidiwa na mji, na serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria. Nauli ilikuwa shilingi 5, na sarafu ya shilingi 5 mitaani iliitwa dala. Makonda wakaita "dala, dala", jina la daladala likaganda. Mwishoni mwa 2023 mamlaka ya usafiri, LATRA, ilipanga nauli ya kilomita 10 za mwanzo kuwa shilingi 600. Ni mara 120.

Hesabu hiyo ndiyo inayowafanya wazee waseme zamani shilingi ilikuwa shilingi. Lakini kima cha chini cha mshahara wakati ule kilikuwa shilingi 600 kwa mwezi. Kwenda na kurudi kazini kwa dala, siku 26, ni shilingi 260. Zaidi ya theluthi moja ya mshahara iliishia garini, kabla hata ya unga. Kwa mtumishi wa umma wa ngazi ya chini kabisa, ambaye tangu Julai 2025 analipwa shilingi 500,000, safari zile zile kwa nauli ya 600 ni shilingi 31,200. Kwa hiyo anayelilia nauli ya dala analilia nauli iliyokuwa ghali.

Kilichoporomoka ni mshahara, na uliporomoka katika miaka ile ile tunayoisimulia kwa hamu. Kati ya 1981 na 1984 kima cha chini kilipanda kutoka shilingi 600 hadi 810, yaani asilimia 35. Mfumuko wa bei ulikuwa ukizunguka asilimia 30 kila mwaka, na kwa kasi hiyo bei huzidi maradufu ndani ya miaka mitatu. Mfanyakazi akaongezwa fedha na kupunguziwa chakula kwa wakati mmoja.

Sababu zinajulikana: mafuta kupanda mwaka 1973 na tena 1979, Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977, vita vya Kagera. Vita, kwa maoni yangu, vilikuwa sababu ya kweli kwa miaka miwili mitatu, kisha vikageuka kisingizio. Hasara za mashirika ya umma zilifunikwa kwa mikopo ya benki, na fedha zikaongezeka nchini kuliko bidhaa. Tume ya Bei ya Taifa, iliyoundwa 1973, iliendelea kupanga bei za vitu ambavyo duka la kaya halikuwa navyo. Watu walipanga foleni tangu alfajiri, wengine wakiweka jiwe mahali pao, na bei ya kweli ilikuwa kwa mlanguzi. Bei rasmi ya mwaka 1983 ilikuwa ndogo kwa sababu ilikuwa bei ya sukari isiyokuwepo.

Shilingi yenyewe ilizaliwa Juni 1966 ikiwa 7.14 kwa dola moja. Miaka 20 baadaye, katika makubaliano na IMF chini ya Rais Mwinyi, ilishushwa kwa mara moja kutoka 17 hadi 40. Kufikia 1990 ilikaribia 200, na mwishoni mwa 2023 ilikuwa imepita 2,500. Mfumuko wa bei ulirudi chini ya asilimia 10 karibu na mwaka 1999, na ukiacha vipindi kama mwisho wa 2011, ulipokaribia asilimia 20, umetulia. Miaka ya karibuni takwimu husema asilimia 3 na kitu.

Mama mwenye kikapu haamini, na ana haki yake. Mfumuko ukishuka, bei haishuki. Inapanda polepole tu. Tena bei ya mtaani haipandi kwa asilimia 3, inapanda kwa sarafu. Andazi la shilingi 100 haliwezi kuwa 103. Litakaa 100 huku likipungua unene, hadi siku litakaporuka kuwa 200. Senti zimekufa zote: ndururu, peni, thumni yenye sungura mgongoni. Sarafu za shilingi 5, 10 na 20 bado ni halali, lakini konda ukimpa atakutazama. Sarafu ndogo ikifa, ngazi ya kwanza ya bei inakuwa ndefu zaidi, na anayejikwaa hapo ni mwenye kununua kidogo kidogo.

Na wengi hununua hivyo. Kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, ni mafuta ya kupima ya jero, yaani shilingi 500, sukari robo, kipande cha sabuni ya mche. Mkaa ni wa kopo. Fungu la nyanya linabaki na bei yake, zinazopungua ni nyanya. Ukijumlisha vipimo hivyo mpaka vifike lita au kilo, utakuta anayepima amelipa zaidi kuliko anayebeba dumu zima. Juu ya hayo kuna kodi ya chumba ya miezi sita inayotakiwa yote mkononi siku moja. Kima cha chini cha laki tano hakimhusu mama lishe wala machinga. Wao hawana mwajiri wa kuwatangazia nyongeza Mei Mosi.

Hata noti hufa kama senti: kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025 Benki Kuu iliziondoa noti za zamani kwenye mzunguko, na katika orodha ile ilikuwemo noti ya shilingi 20. Mwenye nayo alitakiwa aipeleke benki akabadilishiwe. Kwa nauli ya 600 alihitaji kuwa nazo 30 ili arudishe gharama ya kwenda, na 30 nyingine za kurudi.