Je, Wajua? Fumbo la Kiunguja

Je, wajua kuwa kisa cha kima na papa, kile tulichosimuliwa na bibi baada ya "Paukwa! Pakawa!", kilichapwa London mwaka 1870? Edward Steere alikusanya ngano hizo kutoka kwa wasimulizi wa Unguja. Papa anambeba kima mgongoni, na wakishafika mbali anamfichulia: sultani wetu mgonjwa, dawa yake moyo wa kima. Kima anajibu kuwa moyo kauacha mtini. Akisharudi juu ya mti, papa anamwita, naye hasemi "sishuki". Anamsimulia kisa kingine, cha punda wa dobi aliyenusurika mara moja kisha akarejea kwenye kifo chake. Hadithi ndani ya hadithi, na ndiyo jibu lenyewe. India nao wanacho kisa hiki katika Panchatantra, ila mnyama wao wa majini ni mamba. Sisi wa pwani tukamtia papa.

Je, wajua kuwa kitabu *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960) cha Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, kina chambo katika jina? Msomaji anashuku mizimu. Mpelelezi Bwana Msa, na kiko chake, anatafuta mtu.

Je, wajua kuwa kwenye taarabu msikilizaji naye ni mhakiki? Mwanamke ananyanyuka mshororo ukimgusa, noti juu, anakwenda kutunza taratibu ili aonekane. Mwimbaji hajataja jina la mtu, lakini ukumbi mzima umeshajua nani kalengwa. Siti binti Saad wa Fumba, aliyerekodi Bombay mwaka 1928, aliimba hata mauaji ya kweli, katika wimbo wa Kijiti.

Je, wajua kuwa kanga ina pindo, mji na jina? Jina ni mstari mmoja tu, na hapo ndipo fumbo lilipobanwa kuliko kwenye shairi lolote.

Je, wajua kuwa Haji Gora Haji wa Tumbatu, mtunzi wa diwani ya *Kimbunga* (1994), alikuwa mvuvi na baharia? Dhoruba za tungo zake hazikutoka kitabuni.

Mwalimu, kabla ya kumkaririsha mwanafunzi sitiari na tashihisi, msimulie kima na papa. Muulize kwa nini kima hakusema tu "sishuki", kisha umwache afikiri.