Panadol ya mtu ni sumu kwa paka

Katika nyumba zetu, kuanzia Mbinga mjini mpaka Liuli na Mbamba Bay kule ziwani, paka ni mwenzetu. Analinda mahindi yasiliwe na panya, anazunguka vichanja vya usipa, na kifiqhi tunajua si najisi, Abu Qatada (r.a.) alimwinamishia chombo cha maji ya udhu akanywa. Akiugua tunamhurumia, na mara nyingine huruma hiyo ndiyo inayomuua. Mtu husema: mtoto mwenye homa nampa nusu kidonge cha Panadol, paka ni mdogo zaidi, basi nimpe robo.

Usifanye hivyo! Tatizo si wingi wa dawa peke yake. Mtoto hupewa parasetamo miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito wake, naye hupona. Kipimo hicho hicho, kilo kwa kilo, kinatosha kumdhuru paka. Kwa nini? Ini la mtu lina kimeng'enya kinachoifunga parasetamo ili itoke na mkojo. Paka amerithi jeni ya kimeng'enya hicho ikiwa imeharibika, haifanyi kazi. Si paka wako tu, hata simba wa porini yuko hivyo hivyo. Dawa isipopata njia ya kutoka hugeuka sumu, na damu ya paka huwa ya kahawia kama kahawa yetu ya Mbinga, isiweze kubeba hewa.

Dalili huanza ndani ya saa chache: fizi kuwa za bluu au kahawia, uso na miguu kuvimba, kuhema kwa shida. Mkimbize kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, umweleze ulichompa na saa uliyompa. Dawa ya kuipoza sumu hiyo ipo, lakini huhitajika mapema.

Na mbwa je? Mbwa wa kulinda shamba na wa kuchunga ameruhusiwa, na wako wengi kwenye mashamba. Hawa hupata uvimbe wa sehemu za siri unaotoa damu, nao ni saratani ya ajabu: chembe zenyewe za saratani huhama kutoka mbwa mmoja kwenda mwingine wanapopandana. Haimwambukizi mtu. Hutibiwa kwa sindano ya vinkristini, dawa inayotokana na lile ua la Madagascar lenye rangi ya waridi linalopandwa uani. Sindano ni moja kwa wiki, kwa wiki kadhaa, na mbwa wengi hupona kabisa.

Ila dozi yake ni kazi ya mtaalamu. Hukadiriwa kwa eneo la mwili, kisha hutazamwa damu, kwa sababu mbwa wawili wenye kilo sawa wanaweza kuipokea tofauti. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani waligundua kuwa mbwa wengi wa aina ya Collie wamerithi jeni yenye kasoro, na pampu inayotoa dawa ndani ya chembe za mwili haifanyi kazi. Dozi ya kawaida ya vinkristini huwaangusha, na ivermektini nyingi huwaua. Kwa hiyo kama mbwa wako ni chotara wa mbwa wa kigeni, sema mapema.

Kuna jambo la usafi pia. Siku chache baada ya sindano, mkojo na kinyesi chake huwa na mabaki ya dawa. Vaa glavu, fukia mbali na kisima, na mama mjamzito asishughulike kabisa. Hukumu ya najisi tunaijua; hapa imeongezeka sababu ya pili.

Wala usidhani haya ni ya wanyama tu. Dawa ya malaria iitwayo Lapdap iliondolewa sokoni mwaka 2008, kwa kuwa ilivunja chembe nyekundu za damu kwa wagonjwa waliorithi upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao ni wengi Afrika, hasa wanaume. Kama wewe, mwanao au kaka yako aliwahi kukojoa mkojo mweusi kama Coca-Cola baada ya kumeza dawa fulani, andika jina la dawa hiyo kwenye daftari la kliniki, umwonyeshe tabibu kabla hajakuandikia nyingine.