Uchu wa Mwendo

Katika vyombo vyote vya safari alivyojiundia binadamu, ni vichache vimpavyo mtu mmoja nguvu nyingi kwa jasho dogo kama pikipiki ya injini kubwa. Kwani mpanda pikipiki, akiisha kukilaza kifua juu ya tangi, huvuta mafuta kwa kukunja kifundo cha mkono tu, na mara miti ya kando huwa ukuta mmoja wa kijani, na dunia nzima isibaki ila kile kipande cha lami kilicho mbele ya macho yake.

Ladha hiyo aliijua barabara T. E. Lawrence, yule Mwingereza aliyepata sifa kwa kulipua reli ya Hijazi pamoja na Waarabu waliowaasi Waturuki, kisha, vita vilipokwisha, akajisitiri miongoni mwa askari wa kawaida wa jeshi la anga kwa jina lisilo lake. Alipenda pikipiki za Brough Superior, zilizoundwa Nottingham na George Brough, ambaye aina yake ya SS100 ilitolewa na dhamana ya kufika maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160. Lawrence alimiliki saba, moja baada ya moja, na jina alilozipa ni Boanerges, wana wa ngurumo, lile ambalo Injili inawapa Yakobo na Yohana. Katika kitabu chake The Mint amesimulia alivyoshindana na ndege ya kivita kwenye barabara ya Lincoln, rubani akimwashiria kutoka juu. Na safari yenyewe, tuseme kweli, iliishia katika kununua soseji.

Ghururi ya mwendo ni kwamba mwili huuzoea upesi. Adrenalini iliyoutetemesha moyo jana, leo haitoki mpaka mshale wa spidi upande zaidi, na injini kubwa, kinyume cha ndogo inayolalamika, hutulia kadiri inavyokimbia, hata mtu akadhani yu salama. Lakini hesabu haibembelezwi: kwa kilomita 160 kwa saa, pikipiki hukata mita 44 kila sekunde, hata kabla mkono haujagusa breki, na mwendo ukizidi maradufu, nishati ya kishindo huzidi mara nne.

Tarehe 13 Mei 1935, karibu na nyumba yake ya Clouds Hill, Lawrence alikutana ghafla na vijana wawili wa baiskeli waliofichwa na bonde la barabara, akawakwepa, akarushwa, kichwa kikiwa wazi. Mwendo aliokuwa nao watu wanaubishania hadi leo. Alifariki siku sita baadaye, bila kupata fahamu, naye ana miaka 46.

Mmoja wa matabibu waliomhudumia alikuwa Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo, ambaye baadaye aliwachunguza matarishi wa jeshi waliokuwa wakifa kwa pikipiki, na mwaka 1941 akatangaza faida ya kofia ngumu. Naona busara yake ilikuwa hii, kwamba hakupoteza wakati kuuhubiria uchu ambao hata msomi wa Oxford kama Lawrence hakuushinda, bali alishughulikia fuvu. Jeshi lilimsikia mwaka uleule. Raia wa Uingereza walilazimishwa kuvaa kofia hizo mwaka 1973, Cairns akiwa kaburini tangu 1952.